Basha Yuko Wapi Katika Hadithi Zetu?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda leo kuwajibu wale wanaosema barazani kwamba kitabu Peponi kimetuvua nguo sisi watu wa pwani. Kitabu hicho ni cha Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Bibi Ida Hadjivayanis. Manung'uniko yenyewe ni haya: mbona mwandishi, tena mtoto wetu, ameonyesha wanaume wanaowatamani wanaume na wavulana, na hali wamevaa kanzu na kofia kama zetu? Hakuwa na jingine la kuandika?

Nami nasema: waliokasirika wamemkamata mpiga mbiu wakamwacha mwizi aende zake.

Kabla sijaendelea, naweka wazi jambo moja ili asije mtu akanibebesha mzigo usio wangu. Tendo la mwanamume kumwingilia mwanamume ni haramu, na hukumu hiyo sikuja kuibadili wala sina uwezo huo. Kisa cha kaumu ya Luti kila mwanafunzi wa chuoni anakijua. Lakini haramu haitufanyi sisi tusiolitenda kuwa malaika, wala haituhalalishii haramu nyingine. Leo nazungumzia haramu zetu sisi tunaocheka.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi mtu huyu anavyosimuliwa kwetu. Katika vichekesho vya jukwaani na vya kanda, yeye ni mwanamume aliyejifunga kanga, abanaye sauti, atembeaye kwa madaha. Akitokea tu, watu wanavunjika mbavu. Mwisho wa mchezo hupigwa au hufukuzwa, na watazamaji wakapiga makofi. Hana mama aliyemzaa, hana ndugu, hana swala, hana njaa wala ugonjwa. Kazi yake ni kuchekwa. Na katika ngoma za harusi na taarabu mambo ni yale yale: usiku anaitwa aje kupamba bibi harusi, ashangilie na kutunza waimbaji, na wenye shughuli wanafurahi kuwa naye, asubuhi akipita sokoni, wale wale aliowapambia mabinti zao wanamtupia maneno ya kumdhalilisha, na watoto wao wanamtupia mawe.

Hata neno tunalomwita tumelinyang'anya mahali pake. Shoga, kwa mama zetu, ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, neno la mapenzi na siri za jikoni. Sisi tumeligeuza tusi.

Basi nauliza swali ambalo ndilo kichwa cha makala hii. Huyo anayeitwa shoga, tunadai kwamba yuko mwenzake. Kiswahili kimempa jina huyo mwenzake: basha. Jina hilo limetokana na pasha, cheo cha wakubwa wa Kituruki, na katika karata basha ni mfalme. Angalieni lugha yetu ilivyohukumu! Tendo ni moja, wawili wamelishiriki, mmoja kapewa jina la kudharauliwa na wa pili kapewa jina la mfalme. Sheria ya Mwenyezi Mungu haikugawa hivyo. Aliyegawa ni nani, kama si mali na cheo?

Bibi Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa na kuandika mwaka 1987, aliona jambo hili, akaliweka katika kichwa cha maandishi yake, kwamba cheo ndiyo mizani. Mwenye fedha aliyemweka kijana maskini hakuvuliwa heshima. Maskini ndiye aliyeitwa majina. Hatukuhitaji mgeni atuambie, maana kila mji wa mwambao unajua. Tajiri hunong'onwa akishapita, naye akirudi husogezewa mkeka. Na katika vichekesho vyetu, mnyonge yupo tele jukwaani; basha yuko wapi? Hayupo. Amekaa kwenye viti vya mbele, anacheka pamoja nasi.

Hapa ndipo ulipo uzito wa Peponi. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, ametolewa na babake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni, naye anaambiwa amwite mtu huyo Ami. Ni mzuri wa sura, na uzuri huo ndio balaa lake: kila anakopita macho yanamfuata, ya wanaume na ya wanawake. Katika msafara wa kwenda bara, msafara wa aina ile iliyokuwa ikifunga mizigo hapa Bagamoyo na Saadani katika karne ya 19, yuko mnyapara Mohammed Abdalla. Sifa zake kwa wanaume walio chini ya mkono wake zinajulikana na kila mpagazi, na bado yeye ndiye aliyekabidhiwa fimbo. Mwandishi hakumchora mtu wa kuchekwa. Kamchora mwenye nguvu, na pembeni yake kawachora watu wanaojua na kunyamaza.

Fanyeni hivyo hivyo kwa riwaya yake nyingine, By the Sea, ya mwaka 2001. Humo mna mfanyabiashara Hussein wa Bahrain, aliyekuja na musimu, akakaribishwa mgeni katika nyumba ya watu. Katika nyumba hiyo yumo kijana Hassan. Mgeni anakopesha fedha, nyumba inawekwa rehani, kijana anaingia mikononi mwake, na mji mzima unazungumza chini chini. Musimu ukigeuka mgeni anaondoka, kisha kijana naye anamfuata. Waliobaki wamebaki na aibu na deni. Je, hayo hayajapata kutokea katika bandari zetu? Anayesema hayajatokea na aape.

Kwa hiyo tusiseme mwandishi katuvua nguo. Yeye kamwonyesha basha, mtu ambaye hadithi zetu zilimficha miaka yote.

Na sasa nakuja kwenye lililo kubwa zaidi, kwa kuwa linagusa watoto wetu. Sisi tumefunga mzigo mmoja wa vitu vitatu visivyofanana, tukauita jina moja.

La kwanza ni mtu aliyeumbwa na ulaini wa sauti, mwendo na viungo. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa mwambao huu vizazi kwa vizazi, ameeleza katika sharhi yake ya Sahihi Muslim kwamba mukhannath ni wa namna mbili. Yuko aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha. Huyo hana lawama, hana dhambi, wala haadhibiwi kwa maumbile yake. Na yuko anayejitia kwa makusudi, na huyo ndiye aliyelaaniwa katika hadithi. Imamu alifariki mwaka 1277. Yeye alijua kutofautisha. Sisi, baada ya zaidi ya miaka 700, tunampiga mawe mtoto wa jirani kwa kuwa sauti yake nyembamba.

La pili ni dhambi ya watu wazima wawili waliojifungia mlango. Hiyo ni dhambi, na hesabu yake iko kwa Mola wao.

La tatu ni mtu mzima anayemwingilia mtoto kwa nguvu, kwa hila, kwa peremende au kwa vitisho. Huyo ni mdhalimu, na ana mdhulumiwa anayelia. Kumnyamazia ni kushirikiana naye.

Tukiyachanganya haya matatu, nani anafaidi? Anafaidi wa tatu. Maana sisi macho yetu yako kwa kijana mwenye madaha, tunamtazama anavyotembea, na wakati huo mdhalimu hana madaha yoyote. Anatembea kiume, ana wake na watoto, pengine ana cheo msikitini, pengine ana chombo cha uvuvi, duka, au, Mungu atusitiri, chuo cha kusomesha Kurani. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mtoto aliyefanyiwa uovu akithubutu kusema, tunafanya nini? Tunamwita yeye jina lile la matusi! Mtoto akiliogopa jina kuliko anavyomwogopa aliyemdhuru, atasema? Kicheko chetu ndicho kilichomziba mdomo. Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka 30, na nasema pasi na kuuma maneno: sijaona kinga ya mdhalimu iliyo imara kuliko kejeli ya mji.

Wako watakaosema: "Sheikh, kucheka huku ni kukataza maovu." La, hasha. Sura ya Hujurat imekataza watu kudharauliana, kupachikana majina ya kuudhi, kupelelezana na kusengenyana, na haikumtoa yeyote katika katazo hilo. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, anayemtaja mwenzake kwa tendo hilo bila mashahidi wanne ni mwenye kukadhifu: hadi yake ni fimbo 80, na ushahidi wake haukubaliwi. Laiti hukumu hiyo ingepita kwenye vijiwe vyetu vya kahawa, wangapi wangebaki na migongo mizima? Imesimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta akamfumania mtu katika maasi. Yule mtu akamkumbusha kuwa yeye, Khalifa, amevunja makatazo kwa kupeleleza, kuingia pasipo mlangoni na kutopiga hodi. Umar akamwacha. Huyo ni Umar. Wewe unayechungulia dirisha la jirani ni nani?

Mwisho wa mwezi Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Bwana Paul Makonda, aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaodhaniwa kuwa hivyo. Mwezi uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kuwa yale ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Lakini mlango wa dhana ulikwisha funguliwa, na dhana haina shahidi hata mmoja, sembuse wanne.

Wengine watasema haya yameletwa na Wazungu juzi. Neno hanithi ni la Kiarabu, na watu wa namna hiyo walikuwako Madina zama za Mtume. Mwaka 1977 Bibi Unni Wikan wa Norway aliandika juu ya makhanithi wa Sohar, Oman, na jinsi walivyoingia kwa wanawake kama mabibi wenzao. Na pwani yetu na Oman ni mlango na kizingiti. Kumsingizia mgeni ni kujikosesha dawa.

Basi nini cha kufanya? Waandishi na wasanii wetu, na hapa Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, waache kumpiga aliyekwisha anguka. Wakitaka kuandika dhambi hii, waandike na mwenye fedha, waandike na wanaonyamaza, waandike na mama wa kijana anayefukuzwa nyumbani usiku. Wazazi wasimtupe mtoto njiani kwa kuwa mlaini. Aliyetupwa njiani huokotwa na huyo huyo basha. Na sisi masheikh tufungue milango ya vyuo, tusomeshe mahali penye kuonekana, na mtoto akilalamika tumsikilize kabla ya kuuliza mshitakiwa ni mtoto wa nani.

Mji huu usisahau. Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, alifika Bagamoyo akiwa mtumwa, na hapana shaka waliokuwapo walikuwa na majina ya kumwita. Leo wajukuu wa waungwana wanakwenda kwenye maulidi yake. Jina tunalompa mtu silo analojulikana nalo mbele ya Mola wake.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mwenye nguvu naye, mtajeni.

Wabillahi taufiki.