Mchezo: Neno Moja kati ya Jukwaa na Skrini

Huko Nyololo, wilayani Mufindi, ambako njia ya kwenda Igowole huachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, msemaji wa Kiswahili aweza kutamka neno "mchezo" akakusudia mpira, upatu wa akina mama, igizo la wanafunzi, au mashindano yanayoendeshwa kwa kompyuta. Muktadha humtosha msikilizaji. Wasiotosheka ni wataalamu, ambao aghalabu hudai kila maana ipewe istilahi yake.

Katika sanaa za maonyesho mgawanyo huo ulikwisha fanyika. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilipochapishwa mwaka 1969, "mchezo wa kuigiza" lilikuwa jina la kawaida la kazi kama hiyo. Baadaye "tamthilia" ikatawala darasani na katika uhakiki. Uhakiki ulipata istilahi nyoofu, lakini kwa gharama: mwanafunzi husoma tamthilia kama riwaya yenye majibizano, akasahau kwamba iliandikwa ichezwe.

Upande wa pili sasa unaelekea huko huko. Michezo ya kielektroniki, iliyokuwa ya maonyesho tu katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018, ilitolewa medali katika ile ya Hangzhou iliyofanyika mwaka 2023. Vijana husema "gemu", na ni rahisi kuhitimisha kwamba "mchezo" hauhusiki tena. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Yaweza kupingwa kwamba mwisho wa tamthilia umekwisha andikwa, ilhali wa mashindano haujulikani. Ni kweli, ila tofauti hiyo haijapata kuwa mpaka wa neno hili. Ngoma huchezwa pasipo mshindi, na ngoma za beni zilichezwa kwa kushindana. Kitenzi ni kile kile.

Tofauti yenye uzito zaidi iko katika mwili. Mwigizaji humwazima mhusika mwili wake: mfalme akianguka jukwaani, ni mwigizaji aangukaye. Mshindani wa kompyuta ameketi kitini, na anayekimbia ni mhusika aliye kwenye skrini. Hapa mnyambuliko wa Kiswahili una jibu ambalo waunda istilahi wamelipita. Mwamuzi huchezesha mechi, kocha humchezesha mshambuliaji, na mtu aliyejificha nyuma ya pazia huchezesha vikaragosi. Vivyo hivyo, mshindani huyu humchezesha mhusika, na wakati huo huo yeye mwenyewe hucheza na mpinzani wake. Kwa kipimo hiki yu karibu zaidi na mchezesha vikaragosi kuliko mwanasoka, jambo ambalo neno "gemu" peke yake haliwezi kulidhihirisha.

Neno hilo la mkopo halina haja ya kufukuzwa. Linafaa kwa kitu kinachonunuliwa na kupakiwa katika kompyuta: gemu hununuliwa, mchezo huchezwa. Kwa hiyo kamusi zijazo ziweke onyesho la jukwaani na shindano la kielektroniki chini ya kidahizo kimoja cha "mchezo", na chini ya "chezesha" ziongeze maana ya kumwendesha mhusika wa kwenye skrini, pamoja na mfano wa sentensi.