MASHAURI KWA WAZAZI: Kazi Zitafutazo Watu

Katika vilima vya Roret, na kote Bureti hata Bomet, kazi ya kwanza aijuayo mtoto ni kuchuma chai. Tangu makampuni ya Kizungu yalipoanza kupanda mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, kijana aliyekosa kazi nyingine hakukosa kikapu. Siku hizi mambo yamegeuka. Mashine za kuchumia zimeenea katika mashamba makubwa, na mwezi wa Mei 2023 hasira ya watu ilizidi hata baadhi ya mashine hizo zikachomwa moto.

Lakini mashine nayo yahitaji mtu. Kuishika na kuipitisha juu ya michai hujifunzwa kwa muda mfupi; bali yule ajuaye kwa nini imezima, awezaye kunoa visu vyake na kufungua injini yake, ni adimu. Ndivyo ilivyo hata kiwandani, penye boila, mota za umeme na vikaushio visivyongoja. Na bado wako wazazi wasemao kwamba ufundi ni wa mtoto aliyeshindwa mtihani. Fikira hiyo ni ya zamani, tangu karani alipoonekana na shati jeupe, nayo imewagharimu watu wengi sana. Katika Bureti yenyewe kipo chuo cha ufundi. Tena kijana aliyejifunza gereji bila cheti aweza kwenda kupimwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, akaanza daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza.

Kazi nyingine isifiwayo sana ni uuguzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, wengi wao katika nchi maskini. Mzazi wa Roret hana haja ya kutazama mbali: Kapkatet kuna chuo cha KMTC, Litein na Tenwek kuna vyuo vya hospitali za misheni. Lakini hapa yafaa kutulia na kufikiri. Upungufu wa watu si sawasawa na nafasi ya kazi. Katika Kenya wapo wauguzi waliohitimu wakakaa nyumbani, hali wodi zina muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, kwa sababu fedha za kuwaajiri hazikutengwa. Ndiyo maana serikali ilifanya mapatano na Uingereza mwaka 2021 ili baadhi yao waende huko. Basi amtakiaye mwanawe kazi hii na aulize mambo mawili: nani anayehitajika, na nani atakayemlipa.

Matayarisho huanza mapema kuliko wadhaniavyo wengi. Mwenye KCSE hatapokewa katika diploma ya uuguzi bila wastani wa C, na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Aliyeiacha Biolojia kwa kuiona ngumu amejifungia njia akiwa na miaka kumi na sita. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 husoma kwa mkondo waliouchagua wakiwa Gredi ya 9, nao wazazi wengi huwaachia watoto jambo hilo peke yao.

Iko hatari moja zaidi. Bonasi ya chai ikilipwa, mawakala hutokea wakiahidi kazi za ng'ambo. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Mamlaka ya Taifa ya Ajira huweka orodha ya mawakala walioandikishwa. Mzazi na aitazame orodha hiyo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, adai stakabadhi kwa kila malipo, wala asikubali kulipa kwa simu ya mtu binafsi.