Heshima Haingoji Mtu Apungue

Mwishoni mwa mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika katika ufalme wa Karagwe kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanika, akitokea Kaze, hapa Unyanyembe, kwa njia ile ile ya misafara iliyoukuza mji wetu wa Tabora. Katika nyumba za kifalme aliwakuta wanawake waliolishwa maziwa mpaka kusimama kukawashinda, kwa kuwa unene wao ulikuwa fahari ya ukoo. Speke alimpima mmoja wao, shemeji wa Mukama: mkono sentimita 58, kifua 132, paja 79. Alipoinuliwa ili apimwe na urefu, mama yule alizirai. Palepale binti yake wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, na baba yake amemshikia fimbo. Mwaka 1863 vipimo hivyo vilitoka kitabuni Uingereza, vikasomwa kama kioja. Wapo wanaosema kwamba Karagwe ilimheshimu mwanamke mnene, mgeni ndiye aliyemdhalilisha. Nakubali nusu tu ya maneno hayo. Heshima inayolindwa kwa fimbo haikuwa ya binti yule. Ilikuwa ya ukoo uliojitukuza kupitia mwili wake. Mukama na mgeni wake walitofautiana katika hukumu, lakini wote wawili waliuanza utu wa mwanamke kwenye mwili wake. Toleo hili linakataa mwanzo huo. Mtu mwenye kilo 150 anastahili heshima leo, akiwa hivyo alivyo, bila kungoja apungue.

Tutaambiwa kwamba tunabembeleza maradhi. Hatari hatuzifichi: uzito uliopita kiasi huleta presha, kisukari, magoti kuuma na pumzi kukatika usingizini, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta takriban asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na wapatao 10 katika kila mia ya wanawake wote wa umri huo wamefikia kiwango cha unene wa kupindukia. Lakini ni nani aliyepona kwa kuitwa bonge mbele ya watu? Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba anayeaibishwa hukwepa kliniki, na mara nyingi huongezeka uzito badala ya kupungua. Wengine watasema ale kidogo, basi. Lakini kurithi kuna sehemu kubwa katika unene, zipo dawa zinazonenepesha, na mwili uliopungua hujitetea: homoni za njaa zinaweza kubaki juu hata mwaka mzima baadaye. Kwa hiyo yule aliyepungua kisha akarudi alipokuwa hakukosa nia. Alikuwa akishindana na mwili wake mwenyewe.

Hata sifa ya ustahimilivu naiogopa kidogo. Tunampongeza mama mnene anayeamka alfajiri kwenda sokoni, anayelea wajukuu na kuongoza kikundi cha akiba, na anastahili pongezi hizo. Ila pongezi zisitupe ruhusa ya kumwachia mzigo peke yake, kana kwamba kazi yake ni kuvumilia na yetu ni kushangilia. Tazama mzigo anaoukuta kituo cha afya: mkanda wa kawaida wa kipimo cha presha, ukifungwa kwenye mkono mnene, huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji kwa sababu tu kituo hakina mkanda mpana. Hapo mwili wake hauna kosa. Tutaulizwa fedha za vifaa vinavyomfaa zitatoka wapi, na kwa vitanda na machela imara swali hilo ni la haki, lazima lifike kwenye bajeti za halmashauri. Lakini mkanda mpana, benchi lisilo na mikono na pazia mbele ya mizani ni mambo ambayo zahanati yoyote inaweza kuyapanga mwaka huu. Na muuguzi akisoma kilo za mgonjwa kwa sauti ya chini, au kondakta akiacha kumtangaza abiria mnene mlangoni mwa basi, hakuna shilingi iliyotumika.