Bila Chanzo, Tusilalamike Tukifutwa



Kuna lalamiko ambalo sasa limekuwa wimbo kwenye magrupu yetu: "Wikipedia ya Kiswahili wametufuta tena." Kijana anaingia, anabonyeza Hariri, anashusha aya tano za moto kuhusu historia ya upinzani, kesho yake anakuta hamna kitu. Hitimisho linakuja chapchap: wakabidhi wa kule wamenunuliwa. Nimepitia sehemu ya Historia ya kurasa kadhaa kati ya hizo, maana inaonyesha nani aliweka nini, lini, na nani alikitoa. Nilichokuta ni aya zisizo na chanzo hata kimoja. Au chanzo ni posti ya Facebook. Au ni blogu hii hii yetu.

Tusidanganyane. Blogu hii naipenda, ndiyo maana naandika hapa. Lakini kuitumia kuthibitisha kwamba chama chetu ni bora ni sawa na mshtakiwa kumleta mama yake mzazi awe shahidi pekee. Sheria haimkatazi mama kusema, ila hakimu atauliza kama kuna mwingine.

Na swali la Wikipedia ni hilohilo. Haitoshi kwamba wewe unajua jambo ni kweli. Msomaji asiyekujua, asiye na kadi ya chama chochote, ataenda kulihakiki wapi?

Chukueni sentensi ambayo wengi wetu tumeirusha mitandaoni: "Mahakama ilisharuhusu mgombea binafsi." Kweli au uongo? Inategemea mahakama ipi na mwaka gani. Oktoba 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba na kuufunga mlango. Mtikila hakuchoka, akarudi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema hilo ni suala la kuamuliwa na Bunge. Mzee akavuka hatua nyingine hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake.

Sasa hapo, anayeandika "mahakama iliruhusu" na anayeandika "mahakama ilikataa" wote wana hukumu mkononi. Bila kutaja mahakama, mwaka na namba ya kesi, wanabishana hewani. Hukumu ya 2010 iko TanzLII, ya 2013 iko kwenye tovuti ya Mahakama ya Afrika. Ni bure, unachohitaji ni bando na uvumilivu wa kusoma. Ila kumbukeni, hukumu inathibitisha kilichoamuliwa tu. Ukitaka kuandika kwamba uamuzi wa 2010 ulikuwa mbovu, mtafute mwanazuoni aliyechapisha hoja hiyo, umtaje kwa jina. Maoni yako wewe, hata kama una GPA ya 4.8, hayaingii.

Kuna sehemu inayouma zaidi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoanza kazi 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee. Bado ikapendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na tangu Julai 1, 1992 tuna vyama vingi kisheria. Wenzetu wakiandika habari hii huwa wanapenda zile sheria 40 na kuiruka ile asilimia 80. Kwa nini tuiruke? Ni namba iliyomo kwenye ripoti. Na ukiificha, atakuja kijana wa upande wa pili, ataiweka yeye na chanzo chake, na hapo ukurasa mzima utasomeka kama wewe ndiye uliyekuwa unaficha kitu. Maana ulikuwa unaficha.

Halafu kuna ugonjwa wa chanzo kinachozunguka. Februari 2009, kule Ujerumani, mtu asiyejulikana alichomeka jina "Wilhelm" katikati ya mlolongo wa majina ya waziri mpya wa uchumi, Karl-Theodor zu Guttenberg, ambaye tayari alikuwa na majina ya kujaza daftari. Gazeti la Bild likalinakili, na wengine wakafuata. Wahariri wa Wikipedia walipohoji, wakaonyeshwa habari ya Spiegel Online kama uthibitisho, wakati habari yenyewe ilitoka Wikipedia. (Huyu Guttenberg ndiye aliyejiuzulu uwaziri wa ulinzi Machi 2011, baada ya kunyang'anywa udaktari wake wa sheria kwa kunakili kazi za watu bila kuwataja. Sisi wa kitivo cha sheria stori hii tunaisoma kwa kutetemeka.) Kwetu njia ni ileile: bango la WhatsApp linaingia kwenye blogu, blogu inanukuliwa na gazeti, gazeti linarudi kuwa tanbihi.

Najua hoja inayofuata. Vyombo vya habari vinafungiwa, tutatoa wapi vyanzo? Ni hoja halali. Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni Juni 2020 na likarudishiwa 2022. TBC iliacha kurusha Bunge moja kwa moja Januari 2016. Lakini chanzo si lazima kiwe linki. Gazeti la karatasi linakubalika: jina la gazeti, tarehe, ukurasa. Hansadi inakubalika kwa kuonyesha mbunge alisema nini. Ripoti za CAG zipo. Na linki mnazotumia zihifadhini kwenye Wayback Machine siku hiyohiyo, kabla tovuti haijafa.

Kwa viongozi na waajiriwa wa chama: makala ya mwenyekiti wako usiiguse. Nenda ukurasa wa Majadiliano, jitambulishe, weka ombi lako na chanzo, mwingine ahariri. Kama unalipwa kuhariri, tangu 2014 masharti ya Wikimedia yanakulazimisha useme hivyo wazi.

Mlioko Dar, Maktaba Kuu ipo pale Bibi Titi, na Mlimani kuna mkusanyiko wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu. Ripoti ya Nyalali ndiyo ya kuanza nayo. Nendeni na kalamu, na namba ya ukurasa muiandike palepale kabla hamjarudisha kitabu.