Tasnifu iliyotoka Mtinko irudi Mtinko

JICHO LA KATA
Na Elia Ntandu

Maktaba ya chuo kikuu ikipokea vitabu vipya hutangaza. Orodha hubandikwa ubaoni au hutumwa kwa wahadhiri na wanafunzi: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, namba ya rafu. Wenye haja huzisoma na kwenda kuazima, na habari huishia getini pa chuo. Sisi wa Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida, hatuzipati orodha hizo, na kwa sehemu kubwa sioni ubaya. Kitabu kipya cha sheria za bahari kina wenyewe. Ninacholalamikia ni kile kitabu kipya ambacho ndani yake tumo sisi.

Wanyaturu hatujaanza jana kuandikwa. Eberhard von Sick, ofisa wa Kijerumani, alichapisha maelezo marefu juu yetu mwaka 1915, kwa lugha yake. Mmarekani Harold Schneider alikaa na Wahi, tawi la Wanyaturu, akahesabu ng'ombe, mashamba na mahari, na mwaka 1970 kikatoka kitabu chake cha uchumi wa Wanyaturu. Marguerite Jellicoe aliandika juu ya upinzani wa Wanyaturu katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969, na mwaka 1978 kitabu chake kuhusu mabadiliko ya jamii ya Wahi kikachapishwa Nairobi. Leo vijana wetu wanashangilia mpira kwenye Uwanja wa Liti mjini Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Muulize kijana wa kidato cha tatu Liti Kidanka, ambaye uwanja huo umepewa jina lake, alikuwa nani, atakusimulia habari za nyuki na Wajerumani kama alivyozisikia kwa bibi yake. Simulizi ya bibi ni hazina. Lakini kijana huyo hajapata kuambiwa kwamba historia hiyo imeandikwa, wala ni akina nani walioiandika na walisema nini, ili apime mwenyewe kama walisema kweli.

Hayo ni ya zamani, na waandishi wake walikuwa wageni. Siku hizi wanaokuja ni watoto wetu wa Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hufika na barua ya chuo iliyopita mkoani na wilayani, mtendaji wa kata anaisoma, anagonga muhuri, kisha mtendaji wa kijiji anamzungusha kwenye vitongoji. Anauliza juu ya alizeti, kuku wa kienyeji, maji, lishe ya watoto. Mama mwenye nyumba anaacha kupepeta uwele, anamtolea mgeni kigoda, anajibu maswali hata yale asiyopenda kuyajibu mbele ya majirani. Mgeni anashukuru na kuondoka. Baada ya mwaka au miwili tasnifu inajalidiwa, inapewa namba, inaingia kwenye orodha ya vitabu vipya. Mama yumo humo kama mhojiwa asiye na jina, na hajui kama kilichoandikwa kinamsema vizuri au vibaya, wala kama kuna ushauri wowote wa kumfaa msimu ujao.

Mrina asali wa Singida huacha masega mengine mzingani ili nyuki wasihame. Watafiti wetu wanakomba mzinga mzima.

Nasema na wakutubi hasa, kwa sababu wao ndio wenye mali hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Magufuli Novemba 2018, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Tangu miaka ya 1960 sheria imemtaka mchapishaji wa nchi hii apeleke nakala ya kitabu chake katika maktaba ya chuo hicho. Ni jambo jema. Lakini kitabu cha kununuliwa London au Nairobi, maktaba yoyote yenye fedha itakinunua. Tasnifu juu ya alizeti ya wilaya yetu haiuzwi popote. Chuo kilichoizaa ndicho kinachoihifadhi. Kwa hiyo katika kila orodha ya vitabu vipya, kurasa zenye thamani ya pekee ni zile za tasnifu, na ndizo zinazosomwa na wachache kuliko zote: msimamizi, watahini, na mwanafunzi mwingine anayetafuta namna ya kupanga sura ya pili.

Serikali yenyewe imeshaona thamani hiyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inapompa mtafiti wa kigeni kibali humtaka alete nakala ya alichokiandika. Nakala hiyo huenda Dar es Salaam. Mtinko ilikotoka habari haimo kwenye mgawo.

Najua nitakachojibiwa: tasnifu ziko mtandaoni. Ni kweli, na nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Vyuo vya Sokoine, Dar es Salaam, Dodoma na Chuo Kikuu Huria vina hifadhi za kidijitali ambako mtu hupakua tasnifu bure. Lakini ili mkulima aifungue lazima kwanza ajue ipo, kisha awe na bando, kisha asome kurasa mia na hamsini za Kiingereza mpaka afike kwenye mapendekezo, ambayo mara nyingi yameelekezwa kwa wizara. Kitu kuwa wazi kwa kila mtu si sawa na kumfikia kila mtu.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kwanza, maktaba isipokee tasnifu iliyofanyiwa kazi vijijini mpaka iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili unaojibu maswali matatu: uliuliza nini, umepata nini, na waliokujibu wafanye nini. Hakuna anayehitimu kabla hajakabidhi tasnifu yake, kwa hiyo nguvu ya kulidai hili chuo kinayo. Na asitokee wa kusema Kiswahili hakiwezi. Wapo wanafunzi wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Dar es Salaam wanaoandika tasnifu nzima ya uzamivu kwa Kiswahili.

Pili, maktaba zitoe orodha ya vitabu vipya kwa mikoa. Mara moja kwa muhula, mkutubi akusanye vilivyoingia kuhusu Singida kwenye ukurasa mmoja, autume kwa WhatsApp kwa ofisa elimu kata, ofisa ugani, mganga mfawidhi na wakuu wa sekondari. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Singida mjini. Kituo hicho kinaweza kuwa mahali pa kuchukulia nakala iliyochapwa.

Orodha kama hiyo ingetuonyesha pia milango iliyo wazi tayari. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wana mpango wa HINARI unaozipa taasisi za afya za nchi maskini majarida ya kitabibu bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) likaanzisha AGORA kwa upande wa kilimo. Hospitali ya vijijini isiyo ya biashara, kama ile ya Mtakatifu Karolo hapa Mtinko, ndiyo aina ya taasisi iliyokusudiwa. Mkutubi wa chuo anaijua mipango hii kwa moyo. Je, ni kazi yake kumweleza daktari wa kijijini? Nasema ndiyo, maana mshahara wake unatokana na kodi, na alizeti yetu inakatwa ushuru.

Nasi tusikae kulaumu tu. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi ajenda yake ni michango na migogoro ya mipaka. Kurasa mbili za Kiswahili zinasomwa kwa dakika kumi, na wazee wanaweza kumsahihisha aliyeandika. Masahihisho hayo nayo yarudi chuoni yakawekwe pamoja na tasnifu, maana msomi hakosolewi vizuri kuliko na yule aliyemhoji.

Mwanzo wa yote haya uko mezani kwa mtendaji wa kata. Mtafiti anayefuata akifika na barua yake, asigongewe muhuri mpaka aandike kwa mkono wake, chini ya barua, mwezi atakaoleta majibu na jina la atakayeyapokea.