Maiti si Rehani



Tangazo lenyewe mnalijua. Imamu ametoa salamu, watu hawajasimama, mtu anashika kipaza sauti: ndugu yetu fulani amefariki, maiti iko hospitali, bili imebaki laki tatu na kitu, tunaomba mkono wenu ili tumzike. Kofia inapitishwa. Ikifika jioni lile tangazo liko kwenye magrupu sita ya WhatsApp pamoja na namba ya kutuma mchango. Tunachanga. Kwa kuchanga hatuna mpinzani, hilo silaumu.

Ninachouliza ni hiki: nani aliyewapa hospitali ruhusa ya kushika maiti?

Mwaka jana yalinifika karibu. Mama wa rafiki yangu alifariki Alhamisi baada ya Alasiri. Sanda ilinunuliwa, kaburi likachimbwa usiku uleule. Tukazika Jumamosi baada ya Adhuhuri, kwa sababu ofisi ya malipo ilisema karatasi ya kutolea mwili haiandikwi mpaka salio liishe. Na salio lenyewe lilikuwa likipanda, maana mochari nayo inahesabu siku. Yaani wanakushikia mtu wako, kisha wanakutoza kwa kukushikia! Rafiki yangu anaendesha bodaboda. Pikipiki aliiweka rehani. Tulikuwa watu kama ishirini pale nje, tumekaa ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sheria inasema nini. Mimi pia sikuuliza. Naona haya kuandika hivyo.

Basi nikaenda kusoma. Kifungu cha 137 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuzuia maziko ya maiti bila ya haki ni kosa la jinai. Mwaka 1998, hapa hapa Mombasa, Mahakama Kuu iliamua kesi ya hospitali moja ya binafsi iliyokuwa imeshika mwili kwa sababu ya bili: maiti si mali ya mtu, haiwezi kuwekwa dhamana ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema kuwafungia akina mama hospitalini Pumwani baada ya kujifungua, kwa kuwa hawajalipa, ni kuvunja haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Haya si mambo ya jana. Wengi wenu mwaka 1998 hamkuwa mmezaliwa.

Najua jibu litakalokuja. Hospitali inalipa mishahara, inanunua oksijeni, inalipa stima, isipolipwa itafungwa. Kweli kabisa. Lakini deni lina njia yake. Wakuandikishe mkataba wa kulipa kidogo kidogo, wakushtaki, wadai kwenye mali ya marehemu. Mwenye duka aliyekukopesha friji hawezi kuja kumchukua mamako mpaka umalize kulipa.

Kuna na wazee wetu wanaosema deni la maiti ni zito, lazima lilipwe. Nani amekataa? Dini imetufundisha deni litoke kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, na imetufundisha tuharakishe kuzika. Yote mawili. Haikusema la pili lisubiri la kwanza kwenye friji ya mochari.

Sasa tuulize bili hiyo inatoka wapi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF imekwisha, tuko kwa SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, hana la kusema. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha mtambo unaamua atoe ngapi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Si kitu, mtasema. Ila inatakiwa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600, na huyo ni wa kima cha chini. Mama anayekaanga viazi Kisauni hesabu yake ni ya leo kwa leo. Mwaka 2025 wakamletea dawa: Lipa SHA Pole Pole. Hebu soma vizuri, ni mkopo. Maskini akope ili awe na bima! Na huo mfumo wa kompyuta wa SHA uliogharimu shilingi bilioni 104.8, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameandika kuwa serikali haiumiliki.

Kabla yake tulikuwa na zile mashine za kukodi za mwaka 2015, hospitali 98 nchi nzima, mabilioni yakikatwa kwa kaunti zetu, na nyingine zikabaki zimefunikwa kwa kukosa umeme au mtu wa kuziendesha. Kamati ya Seneti mwaka 2020 iliuita mpango huo uhalifu. Umesikia nani amefungwa?

Ndiyo maana hospitali nyingi zina njaa. NHIF imekufa na madeni yao, SHA nayo wanailalamikia kwa kuchelewesha malipo. Hospitali inaidai serikali, lakini serikali huwezi kuiweka kwenye jokofu. Inamshika mamako. Na sisi tunapokimbia kuchanga kimya kimya, kila Ijumaa, tunamlipia serikali deni lake na kuifundisha hospitali kwamba njia hii inafanya kazi.

Sisemi msichange. Changeni, lakini wakati kofia inapita, watu wawili watangulie hospitali na barua. Iwe fupi: jina la marehemu, familia inalitambua deni na itaandikiana mkataba wa kulilipa, tunaomba mwili leo, mkikataa, tuandikieni sababu na kifungu cha sheria mnachotumia. Nakala moja mpigiwe muhuri mbaki nayo. Yule aliye hai nyumbani, piga *147# leo umsajili, maana huduma za zahanati na kituo cha afya hazitaki awe amelipa. Na kaunti ikiita mkutano wa maoni ya bajeti, tujaze viti kama tunavyojaza matanga.

Ukifika na barua ukaambiwa mwenye kusaini ametoka kwenda kula, keti hapo hapo umngoje.