Mahali pa Vitufe vya Kuendelea na Kurudi katika Fomu za Tovuti

Wabunifu wengi wa fomu za tovuti hushikilia kwamba kitufe cha kuendelea sharti kiwe kulia na cha kurudi kushoto. Desturi hiyo imetokana na mwelekeo wa hati za Kirumi. Katika fomu za Kiarabu, hati iliyobeba Kiswahili kwa karne kadhaa, mpangilio hugeuzwa.

Kwa maoni yetu, kasoro iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kwa kanuni za HTML, mtu anayejaza fomu akibonyeza Ingiza kwenye kibodi, kinachotenda kazi ni kitufe cha kwanza cha kuwasilisha katika mfuatano wa msimbo. Ikiwa kitufe cha 'Rudi' ndicho kilichotangulia, mwombaji wa nafasi ya masomo hurudishwa alikotoka, na huenda aliyoyaandika yakapotea. Atajilaumu mwenyewe, ilhali kosa si lake.

Afadhali vitufe hivi vitenganishwe. Mfumo wa GOV.UK wa Serikali ya Uingereza huweka kiungo cha kurudi juu ya ukurasa, na kitufe cha kuendelea chini, sambamba na visanduku vya kujazia. Wapo watakaodai kwamba kiungo cha juu hakitaonekana. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Ndiyo sababu fomu ndefu yahitaji pia ukurasa wa kuhakiki majibu yote kabla ya kuyawasilisha.